Mashine ya kuosha vyombo Cheptais? Tayari tunayo, iko Form Four

Ukitaka kuchekwa Cheptais, usijisumbue kuvaa suruali iliyochanika. Sema tu unataka kumnunulia mamako mashine ya kuosha vyombo. Watu watacheka mpaka washike ukuta. "Kwani mikono yake imefanya nini?" "Na hao wasichana wa hapo kwenu, kazi yao ni gani?" Jamaa mmoja wa boda aliniuliza kama mashine yenyewe itakuwa pia inatafuna chakula ili tupumzike kabisa.

Sasa nishangae kidogo. Kogo wetu alisaga nafaka kwa jiwe, amepiga magoti, mpaka posho mill ikafika. Hakuna mtu amewahi kuniambia kupeleka mahindi posho mill ni uvivu. Boda inabeba gunia ambalo zamani lilipandishwa mlima kwa mgongo, na huyo huyo mwenye boda ndiye ananicheka. Kwa nini mashine moja ni maendeleo na nyingine ni uvivu?

Mimi nadhani jibu ni pesa. Posho mill ina mwenyewe, na mwenyewe anahesabu shilingi kwa kila gorogoro. Boda vilevile. Lakini kuosha vyombo hakuna anayelipwa nyumbani, kwa hivyo hakuna anayehesabu, na kitu kisichohesabiwa tunaona kama hakipo. Mashine ya kuondoa kazi ambayo haipo lazima ionekane kichekesho.

Nieleze hii stori ilitoka wapi. Familia yetu ina grupu la WhatsApp, kama yako tu, la kuchanga na kugombana. Bro wetu mkubwa yuko Doha, anafanya kazi jikoni kwa hoteli. Kazi yake kamili ni kuosha vyombo. Mwezi mmoja akatuma video ya mashine wanayotumia: unapanga sahani kwa trei, unashusha mlango wake kama kofia, dakika moja au mbili hivi unainua, mvuke unatoka, sahani zinang'aa. Akaandika: "Mama anunuliwe kama hii, ndogo ya nyumbani. Mimi naanza na thelathini." Tukachanga. Tukafika Sh64,000, na kwa pesa hiyo mashine ya nyumbani unaipata, kwa sababu zile za kawaida hapa Kenya zinaanzia takriban Sh50,000.

Mama akasoma kila kitu, akanyamaza siku mbili, halafu akatuma voisi. "Asanteni wanangu. Lakini watu watasema sina watoto."

Hiyo sentensi imenikaa kichwani kuliko video ya Doha. Kwamba mashine ikiosha vyombo, maana yake nyumba haina msichana. Yaani msichana na mashine wanashikilia kiti kimoja, na akikaa mmoja, mwingine hana nafasi.

Kwetu anayekalia hicho kiti ni dadangu wa Form Four. Yuko shule ya kutwa. Anafika nyumbani jioni, anasaidia kupika, tunakula kama saa mbili na nusu usiku, na vyombo vinamngoja kwenye beseni nje. Sufuria ya ugali, ya mboga, ya chai, sahani za watu wanane, vikombe, na wageni wakiwepo ongeza. Saa moja inaisha hivyo, kwa mwanga wa simu. Akimaliza ndipo anafungua kitabu, na wewe unajua macho ya saa tatu na nusu yanavyosoma Kemia.

Tufanye hesabu ambayo hatupendi kufanya. Saa moja kila jioni, kwa muhula wa wiki 13, ni saa 91. Ukizigawa kwa vipindi vya dakika 40 unapata zaidi ya vipindi 130. Huyo ni mtoto anayekosa vipindi 130 kwa muhula na shule haijawahi kumwandika kwa rejista kwamba hakuwepo. Ndugu yetu wa gredi ya 9, anayelala nyumba hiyo hiyo na kula sahani hiyo hiyo, saa hizo 91 anazo zote. Nyingi anazitumia kwa simu ya mama akiangalia mpira.

Na si kwetu tu. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka wa 2021. Likapata wanawake na wasichana wa kuanzia miaka 15 wanatumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Wanaume ni asilimia 3.6. Kwa siku hiyo ni kama saa nne na nusu upande mmoja, na upande mwingine haifiki hata saa moja.

Halafu angalia kazi hiyo hiyo ikivuka barabara. Mimi naishi Kitale. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nguvu, na sasa naandika na kufanya vibarua vya hapa na pale mtandaoni. Kwenye ploti yetu wasichana wawili wa kazi wanatoka milimani kwetu. Wakiosha vyombo Kitale, kazi yao ina bei mpaka kwa sheria. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kuwa Sh14,025 kwa mwezi kwa miji iliyokuwa manispaa, Kitale ikiwemo, na Sh8,109 kwa maeneo mengine kama Cheptais. Novemba 2024 ikaongezwa asilimia 6. Kama waajiri wanalipa hizo ni hadithi nyingine, na wasichana niliowauliza walicheka kuliko yule wa boda. Lakini angalau kuna namba kwenye karatasi. Nyumbani mkono ule ule, sufuria ile ile, namba ni sifuri.

Kwa hivyo kwa mimi swali la mashine si mchezo wala si kuiga Wazungu. Naliunga mkono. Lakini kuunga mkono si kukimbilia duka na Sh64,000 na kurudi na sanduku kwenye keria ya matatu. Nimekaa nikasoma hizi mashine zinataka nini, na zinataka mengi kuliko bro alivyoonyesha kwa video.

Hata huko zilikoanzia ilikuwa hivyo. Aliyetengeneza ya kwanza iliyofanya kazi ya maana ni mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville jimbo la Illinois. Alikuwa na vyombo vya thamani na wafanyakazi walikuwa wakivivunja ncha wakiosha. Mumewe akafa, akamwachia madeni, na wazo likageuka biashara. Alipata hataza mwaka wa 1886, na 1893 mashine zake zikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Sasa sikiza: waliozinunua ni mahoteli na mikahawa. Nyumba za kawaida zilikaa mpaka miaka ya 1950 ndipo zikaanza kuzichukua kwa wingi, na sababu moja ni kwamba nyumba nyingi hazikuwa na maji moto ya kutosha. Mashine ilikuwepo, mabomba hayakuwepo.

Hapo ndipo Cheptais ilipo leo.

Anza na maji. Mlima Elgon ni mmoja kati ya vyanzo vitano vikuu vya maji Kenya. Mito ya Kuywa, Malakisi na Lwakhakha inatoka kwetu. Tunalala chini ya tangi la nchi nzima, na bado asubuhi utapata akina mama na mitungi ya lita 20 njiani. Wengine wana mfereji uwanjani, wengine wana maji ya mvua, wengine wana kijito. Nyumba yenye maji yanayoingia mpaka jikoni unaihesabu kwa vidole.

Mashine ya kuosha vyombo haijui mtungi. Inataka bomba lenye presha. Nyingi zimeandikwa zinahitaji kuanzia baa 0.3 au 0.5 (baa hapa ni kipimo cha presha, si pale unapowaza). Kila mita moja ya urefu wa maji inakupa takriban baa 0.1. Maana yake, kama unategemea tangi, sehemu yake ya chini iwe juu ya mashine kwa mita tatu hadi tano. Tangi lililokaa chini kando ya ukuta, kama letu, ni la kuchota kwa jagi tu. Zipo zile ndogo za mezani unazojaza mwenyewe lita tano hivi kwa mkono, lakini hizo zinaingia sahani chache, na kwa nyumba ya watu wanane utakuwa umeongeza kazi ya kujaza.

Nikiwa mkweli, kwa maji yenyewe mashine si mchoyo wala mharibifu. Ile kubwa ya kisasa inatumia kama lita 10 hadi 13 kwa mzunguko. Sisi kwa vyombo vya jioni tunamaliza mtungi mzima wa lita 20. Kwa hivyo wale wanaosema itamaliza maji, hapana. Shida ni maji kufika.

Umeme nao. Wengi kijijini tuliunganishiwa kwa ule mpango wa Last Mile, wakati gharama ilishushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Taa inawaka, simu inachajiwa, redio inaongea. Mashine hii inachemsha maji ndani, kwa hivyo inavuta karibu wati 2,000, na mzunguko mmoja unakula kama uniti moja. Usisikie moja ukaona ni kidogo. Mara moja kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei nafuu ya stima ni ya wale wasiovuka uniti 30 kwa mwezi. Yaani mashine peke yake inamaliza mgao wote wa bei nafuu, halafu taa na redio zinakusukuma kwa bei ya juu. Na ile programu yake ya kubana matumizi inachukua zaidi ya saa tatu. Wewe unajua stima ya mlimani wingu likishaanza kunguruma. Saa tatu mfululizo bila kupotea ni maombi. Sola ndogo za kulipia polepole usizitaje hapa kabisa, hizo ni za taa.

Tukija kwa vyombo vyenyewe, hapa ndipo wauzaji wananyamaza. Ukiambiwa mashine inaingia vyombo vya watu 12, hesabu hiyo ni ya sahani bapa, uma na glasi. Haikufanywa na mtu anayepika ugali. Sufuria yetu ya ugali ikiingia imemaliza trei yote ya chini. Tena nyingi ni za alumini, na sabuni kali ya mashine inaifanya alumini kuwa nyeusi na kufifia. Mwiko wa mbao utapasuka. Kibuyu cha maziwa usithubutu, mama atakufukuza na wewe na mashine yako. Na masizi ya kuni hayaoshwi na maji moto peke yake. Ndiyo maana wajanja wa jikoni hupaka sufuria majivu na sabuni kwa nje kabla ya kuiweka motoni, ili masizi yatoke bila vita. Hakuna mashine inayojua hilo.

Halafu sabuni. Haitumii ile ya maji ya kawaida. Ukiweka hiyo, povu litafuata mlango mpaka sebuleni. Inataka vidonge au unga wake, na duka la jirani Cheptais halina. Itakuwa ni kutuma mtu Kitale au Bungoma, na vikiisha kabla ya mtu kupata safari, mashine inakuwa kabati la kuficha vikombe vya wageni.

Kwa hivyo msimamo wangu kwenye grupu ulikuwa huu, na nauweka hapa kwa sababu najua kuna vijana wengi wanaochangia mama zao vitu vikubwa Krismasi ikikaribia. Ile Sh64,000 isinunue mashine. Inunue njia ya mashine. Tangi la lita 1,000, mnara wa kulibeba wa mita nne au tano, bomba mpaka ndani, sinki ya mabakuli mawili, na shimo la maji machafu lililochimbwa vizuri mbali na tunakochota. Ukijenga sinki, acha kando yake nafasi ya sentimita 60 kwa upana, na kimo cha sentimita 85 au zaidi kidogo, na umwambie fundi aweke koki ya ziada ya maji na soketi imara. Nafasi hiyo ndiyo saizi ya mashine ya kawaida. Hata ikikaa tupu miaka mitatu, weka ndoo hapo.

Bro wa Doha hakufurahi. Aliona ni kama zawadi yake imebadilishwa kuwa simiti. Namuelewa, mtu akiwa mbali anataka kitu cha kupiga picha, na sinki haina maringo. Lakini sinki yenye maji inafanya kazi stima ikiwa imepotea. Dadangu akisimama wima jikoni, kwenye taa, na maji yanatoka kwa mfereji, ile saa moja inaweza kuwa nusu. Hiyo ni faida ya siku ya kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Wewe uliye Kitale mjini au Bungoma, kwenye nyumba ya maji ya mfereji na gesi, hali yako ni tofauti na sioni kwa nini uogope. Ukiweza, nunua. Ila usichague kwa rangi. Beba sufuria yako kubwa mpaka dukani uijaribu ndani, wacheke wakichoka. Tafuta ambayo trei ya juu inainuliwa au kutolewa, na usichukue ile nyembamba ya sentimita 45 kama unapika ugali wa watu zaidi ya wanne. Soma presha iliyoandikwa. Uliza vipuri vinapatikana wapi na fundi ni nani, na jibu likiwa "Nairobi", fikiria mara mbili. Na umeme ukipungua nguvu kwenu mara kwa mara, weka kile kifaa cha kulinda stima.

Sasa nirudi kwa jambo ambalo ankoli zangu hawataki niandike. Nilipopendekeza kwamba kabla ya mashine wavulana waingie zamu, mmoja akaandika kwamba mwanamume hakai jikoni, ni aibu. Nikamjibu kwa heshima, "Ankoli, na yule wa Doha?" Grupu likanyamaza.

Kwa sababu huyo bro, nyumbani, hakuwahi kuosha hata kikombe alichonywea. Namjua, tulilala kitanda kimoja. Leo anaosha sahani za watu asiowajua usiku kucha, na wenzake kule jikoni ni wanaume watupu. Akituma pesa mnasema ni mwanamume kamili. Ukiingia nyuma ya hoteli zetu hapa Kitale, wanaokwaruza sufuria ni vijana wa kiume, mabuda wenye ndevu. Aibu ilienda wapi? Mikono ya mwanamume inaingia kwa maji ya vyombo bila shida yoyote mradi kuna malipo. Kinachoitwa mila hapa ni kwamba msichana afanye bure.

Mama, ajabu, hakunipinga. Alisema tu hataki kelele kwa nyumba yake na hataki vikombe vyake vya maua vishikwe na mvulana. Hivyo vikombe atavilinda mwenyewe, sawa.

Fundi ameshapima mnara na ameitisha pesa ambazo bado tunapigania. Kuhusu zamu, kijana wa gredi ya 9 amekubali Jumanne na Alhamisi, na dada amehamishia hesabu zake siku hizo. Jumapili, siku ya wageni, amesema hapana. Bado tunaongea.